Nyayo za Upande Mmoja

Hapa Kemijärvi, mwezi wa pili, theluji haina haya:
husema ilichokiona.
Kutoka mlango wangu hadi mlango wako, Raakel,
ni hatua mia moja na kumi na mbili.
Nilizihesabu mwaka ule ulipovunjika mguu,
nikibeba supu ya samaki, sufuria nimeifunga kwa skafu
ambayo hadi leo haijarudi.
Sufuria pia.

Sikuhesabu kwa kinyongo.
Nilihesabu ili nisiteleze.

Miaka kumi na minne ya beleshi.
Kwako kwanza, kwangu baadaye,
maana wewe kiuno hukuuma asubuhi,
nami, ulisema, nina mgongo wa farasi.
Nilicheka. Kwani farasi naye hucheka?
Nilikupeleka Rovaniemi kwa daktari wa macho,
nikakaa saa tatu kwenye kiti cha plastiki;
njiani kurudi ikawa Olavi, Olavi, Olavi,
jinsi alivyokuacha, na yule wa pili, na mbwa wa yule wa pili,
na tulipofika ukaubamiza mlango wa gari
kabla sijamaliza kusema kwamba mama yangu

Tulimzika Jumamosi ile.
Ulinitumia picha ya ua.

Nikajiambia: ndivyo alivyo.
Neno hilo ni blanketi fupi,
ukijifunika uso, miguu inabaki nje.
Nimelala ndani yake miaka yote
nikiilaumu miguu yangu kwa urefu.

Kisha homa. Siku tisa.
Paa lililia kwa baridi,
nilikunywa maji kwa kikombe kile kile,
na simu ilikaa juu ya kiti
kama mgeni asiyejua lugha.
Siku ya kumi ikatetemeka. Jina lako!
Nikaishika kwa mikono miwili.
"Aune, njia yangu imeziba. Unakuja saa ngapi?"

Nilijikokota hadi dirishani.
Theluji ya siku tisa, laini, haijaguswa
ila na sungura mmoja
aliyefika kwenye ngazi zangu, akasimama, akageuka.
Sungura, Raakel.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki;
hawakutuachia jina la yule
ambaye dhiki zote ni zake.

Barua niliianza mara mbili.
Ya kwanza ilifoka, ya pili iliomba radhi,
nikaona zote mbili bado zinakutumikia.
Nikautungua ufunguo wako kwenye msumari
(wangu hujawahi kuuomba),
nikaenda hatua zile zile, nikiyumba,
nikautumbukiza katika sanduku lako la barua.
Chuma kiligonga chuma, basi.
Pazia likasogea.
Ukanipungia, kisha ukanyoosha kidole kwenye njia iliyoziba.
Nikapunga pia. Mkono una mazoea yake.

Usiku ikaanguka tena, ikafuta kwenda na kurudi.
Asubuhi nilisafisha kwangu: ngazi, kijia, hadi getini.
Beleshi likataka kukata kushoto
kama punda aijuaye njia ya sokoni.
Nikalizuia.
Nikasimama pale nikihema, mvuke ukinitoka kinywani,
hatua mia moja na kumi na mbili zimebaki mkononi,
sijui bado nizipeleke wapi.