Daftari la Barafu

Daftari ni la mtoto, darasa la tatu,
jalada la nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Kurasa za mbele ni hesabu zake,
za nyuma ni zangu.
Zake mwalimu husahihisha.

Jumatatu. Mifuko mia na ishirini,
ukwaju sabini, ubuyu hamsini.
Umeme umekatika saa nne asubuhi,
umerudi magharibi, umepiga hodi, umeondoka
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Iliyouzwa: thelathini na mmoja.
Iliyobaki: maji.

Friza niliinunua kwa kausha damu.
Kila Ijumaa, kabla ya adhuhuri, anakuja Sebarua
na pikipiki yake, kalamu sikioni.
Hatukani, hapigi kelele,
anasimama tu barazani akijikuna mkono
mpaka Barabara ya Kumi na Nne nzima
ijue kwa nini amesimama.
Siku moja nikampa barafu ya ukwaju.
Akaila yote, akalamba na mfuko,
akaandika deni lilelile.

Nimeambiwa: nunua jenereta.
Aliyenishauri ana mshahara.
Nimeambiwa: hamia kwenye vitumbua.
Mtaa huu una wauza vitumbua kumi na mmoja,
mlaji ni yuleyule, naye ana kisukari.

Usiku hauna upepo, Ngamiani yote giza,
nimelala sakafuni nasikiliza friza inavyodondoka:
tone, shilingi,
tone, shilingi.
Alfajiri nikatoka nimwage msiba wangu mtaroni,
nikamkuta Shekiondo, fundi vitanda, na kiberiti,
anataka kuchoma maranda.
Sijui kilichonituma. Nikaingiza mkono kwenye lile rundo:
juu limeshapata joto,
ndani bado usiku.

«Usichome.»
«Kwani utayala?»

Magunia sita. Nikashona, nikashindilia,
friza ikavaa koti kubwa la unga wa mbao,
na watu wakapata la kusema:
Mwantumu kaivisha friza joho, bado kuitafutia mchumba.
Jumatano umeme ulilala saa tisa.
Nikafungua kifuniko kidogo, kama anayechungulia chungu cha mwenzie.
Mifuko imekaza. Ina pembe, inagongana.
Kange nzima siku hiyo ilikuwa na juisi ya moto;
wauza juisi waliniita dada, wakaniita mama,
mmoja akaniita bosi.
Mifuko mia na kumi na nane. Miwili tulikula, mimi na mtoto,
tumesimama, bila kuongea.

Alhamisi mgambo walipita Mgandini.
Deli langu likapanda gari la manispaa
bila kulipa nauli.
Ukurasa huo una tarehe tu.

Jioni hiyohiyo akaja Mishi wa nyumba ya tatu,
vichupa viwili vya insulini kwenye ncha ya leso,
dawa ya Mbaruku wake.
Aliulizia kwanza afya yangu, kisha ya mtoto,
kisha akaangalia friza, akanyamaza.
Nikatoa mifuko sita ya ubuyu, kuipisha.
Si chini kabisa, huko dawa itaganda;
pembeni, karibu na kifuniko,
baridi ya kutosha dawa isife.
Nikaandika: *Mishi, vichupa viwili.*
Nikafika kwenye safu ya bei,
kalamu ikakaa hapo mpaka ikaacha nukta.

«Mama, hapa hujajibu,» mtoto kasema,
anachonga penseli yake.
«Hapo hawajauliza.»

Ijumaa. Joto limeketi juu ya mabati.
Sebarua yupo barazani, anajikuna.
Nimempa nusu ya rejesho, noti zimelowa,
nusu nimemwambia ipo kwenye deli,
na deli lipo manispaa, aende akadai.
Kaandika. Hakuondoka.
Kajifuta shingo kwa risiti zake,
kaitazama friza, koti lake, umeme haupo.

«Za ukwaju zipo?»
«Zipo. Mia mbili.»

Akanitazama kama nimemtukania mzazi.
Kisha akaingiza mkono mfukoni,
akatafuta, akatafuta,
nami nikafungua daftari.