Daftari la Msimu wa Giza

Jua lilituaga Novemba, tarehe ishirini na tatu,
halikusema litarudi saa ngapi.
Hapa Vardø, kisiwani, huku juu kabisa mwa Norwei,
mchana ni buluu ya alama ya kipigo,
saa mbili hivi, kisha usiku unaendelea ulipoishia.

Alhamisi, saa tisa, wanashuka ngazi za maktaba,
watoto saba, soksi zimelowa, wamechoshwa na walimu.
Nina madaftari ya bei rahisi, majalada ya kijivu,
na birika la kakao lenye mpini uliolegea.
Miaka kumi na tisa nilipasua samaki kiwandani.
Sijui ushairi. Najua kisu kinaingia wapi.

Sheria ni moja, niliwaambia:
sisomi usiponipa.
Andika upesi, andika vibaya,
futa ukitaka, lakini usichane.
Ukichana, andika kwamba umechana.

Sunniva alijaza kurasa nne siku ya kwanza,
akanisomea zote kwa sauti:
farasi, farasi, farasi asiyekuwa naye.
Ravdna alikuja na maneno ya bibi yake,
ya Kisami, ambacho mama yake hakufundishwa,
akayapanga ukurasani kama apangaye vikombe vya kuazima,
taratibu, asivunje.
Eilif hakuandika kitu.
Yaani, aliandika tarehe na baridi,
akanisukumia nione:
Hasi nne. Hasi saba. Hasi saba, upepo.
Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano.
Mama yake alinisimamisha dukani, penye maziwa.
"Anaandika?"
Nikasema anaandika.
Sikudanganya.

Ni Ravdna aliyenikazia macho:
"Na wewe? Lako liko wapi?"
Kakao ikanipalia.
Sisi watu wazima tuna hila: tunagawa kalamu
ili mikono yetu ionekane ina kazi.
Nikachukua daftari la nane. Nikaandika tarehe.
Nikaandika baridi.
Basi.
Nikainua macho, Eilif alikuwa ananitazama,
wawili tuliokwama kwenye hasi tisa,
akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka
tangu kaka yake azikwe.

Alhamisi iliyofuata akanisukumia tena:
Hasi kumi na moja. Theluji.
Baba amekunja kitanda cha Aksel.
Sasa chumba kina mwangwi.
Huwa nakohoa makusudi.

Herufi mbili hazikuwa mahali pake.
Kidole changu, kilichozoea kusaka miiba minofuni,
kiliziona mara moja.
Nikakirudisha mfukoni.
Kuna miiba inayoshikilia nyama isisambaratike.

Nikamuuliza: ukikohoa, mwangwi unajibuje?
Akavuta daftari, akaandika
mpaka kakao ikafanya utando juu.
Sehemu hiyo hakunipa. Sijaisoma hata leo.

Sisemi daftari limemponya.
Bado halali vizuri, bado amevunja kioo cha bafuni.
Ila zamani akipandwa na hasira aliuliza mlango uko wapi,
siku hizi anauliza kalamu.
Mlango bado anautumia, mara mojamoja.

Januari, mzinga wa ngome ukalia: jua limeonekana zima.
Siku hiyo hakuna shule, walikuwa kwangu tangu asubuhi.
Wakatoka mbio, koti la huyu mgongoni mwa yule,
Sunniva na kiatu kimoja.
Nikabaki na vikombe.
Mwanga ukapenya kidirisha cha juu, mwembamba, wa rangi ya mafuta,
ukaangukia daftari moja lililoachwa wazi.
Nikatazama birika. Nikatazama kucha zangu.
Jua likasoma lilichotaka, dakika kama tatu,
likaenda zake.

Nikalifunga. Chini yake palikuwa na langu,
na ndani, kwa mwandiko usio wangu,
herufi moja haiko mahali pake:
Leo bado hujaandika baridi.