Kamelala na Ngapi?

Saa moja na dakika ishirini na tatu, Katuba giza.
Snel wamechukua umeme wao tangu mchana,
mama anasonga bukari kwa mwanga wa makala,
nasi tuko juu ya tangi la maji la jirani,
mimi na Mwilambwe, na antena yetu:
mita ya chuma ya fundi seremala
tuliyoikata vipande, tukavifunga kwenye bomba la plastiki.
Aliyetuuzia hakuuliza tunapima nini.

"Kushoto ya bomba la moshi," nasema. "Shusha. Ngoja."

Kwanza ni mchanga tu redioni.
Halafu, chini kabisa ya mchanga,
kitu kama nyenje ndani ya kopo.
Kamefika.

Hakazidi tofali. Betri yake ilikufa mwaka juzi,
sasa kanaishi kwa kibarua cha jua,
kinachopatikana kinaliwa palepale.
Kakiingia kivulini kanazima, kanasahau kila kitu;
kakitoka kanaanza kuhesabu, sekunde moja, mbili,
kama kamezaliwa leo.
Kwetu usiku umeshafunga milango.
Kule juu kamebaki na kipande cha mchana.

Sauti inateremka kadiri kanavyopita,
kama pikipiki ya mdaiwa aliyekuona,
nami naifuata kwa kidole, kidogo, kidogo tena.
Kasumbalesa malori yamelala siku ya nne yakingoja muhuri;
kenyewe kamevuka mpaka kabla sijameza mate.

Baba anapaza sauti kutoka uani.
Miaka ishirini na sita alisuka mota za kiwanda cha shaba,
akalipwa kumi na tisa.
"Kanasema nini?"
"Kanataja volti zake."
"Ngapi?"
"Tatu nukta mbili."
Kimya. Kisha: "Hizo hazitoshi. Waambie."
Nani, baba? Waliokatengeneza walikuwa wanafunzi.
Wamehitimu, wametawanyika,
mmoja nasikia anauza bima.

Mwilambwe anageuza kiwiko, mashariki, mashariki zaidi,
mkono unamtetemeka,
nyenje analia, analia,
anakatika katikati ya tarakimu.

Si kilima, si wingu.
Ni kivuli cha dunia hiihii
tuliyoikanyaga.

Naandika daftarini: *dakika sita. Kamezima.*
Tunashuka. Bukari umepoa upande mmoja.
Baba anamega tonge, analishika bila kulila.
"Kamelala na ngapi?"
"Tatu nukta moja."
Anatikisa kichwa, kama aliyeletewa mota iliyoungua.

"Kula kwanza," anasema mama. "Kataamka."