Chini ya Makumbi

Miaka kumi na moja nilipanda mchicha ubaoni.
Niliuchora kwa chaki ya kijani, mizizi kwa nyeupe,
nikaumwagilia maelezo,
na kengele ilipolia
nikauvuna kwa dasta.

Nyamvula wa kidato cha pili ndiye aliyenyosha kidole:
"Mwalimu, nafasi kati ya mche na mche naijua,
kina cha shimo nakijua, nimekariri.
Lakini jani la mbiringanya ukilifikicha
linanukaje?"
Sikujua.
Nilikohoa, nikawaambia wafungue ukurasa wa tisini.

Shuleni kwetu Likoni jembe lilikuwa adhabu.
Aliyechelewa alilima, aliyetukana alilima.
Kwa hiyo nilipowatoa nje wasio na kosa,
nyuma ya maabara, penye rundo la madawati yaliyovunjika,
waliniuliza: tumefanya nini?
Rehema Kazungu aligoma wiki mbili.
Babake alilipa karo ili mpini usimguse.

Pigo la kwanza, jembe likalia ngaa!
kama limegonga sufuria.
Tumbawe. Shubiri moja ya mchanga, kisha mwamba,
bahari ya kale imelala pale, haitaki kuamshwa.
Tukafukua vifuniko vya soda, soli ya kandambili,
bikari yenye kutu, imekwaruzwa jina: CHIRAU.
Kitabu changu kilisema "udongo tifutifu."
Tukaacha kuchimba, tukainua matuta:
majani makavu, mchanga, samadi ya mbuzi wa jirani.

Miche mia mbili na arubaini.
Siku ya tisa majani yakaungua kingo
kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa.
Nikasema wadudu. Nikasema jua.
Nikasema ukungu, maana ukungu nina maelezo yake.
Shebwana, mkaa nyuma, asiyevuka alama ishirini,
akachota maji ya kisima kwa kiganja,
akaonja, akatema.
"Chumvi," akasema. "Mama huuza mchicha Kongowea.
Wa maji haya haununuliki."
Neno moja. Na mimi nina shahada.

Ng'ambo ya ukuta kuna msikiti.
Maji ya udhu, ya bomba, matamu,
yakishaosha mikono na nyayo
humwagika mtaroni mara tano kwa siku.
Nikaenda kuyaomba. Maalim Twalib akanitazama chini hadi juu:
"Mwalimu wa kilimo, mbona viatu vyako visafi hivyo?"
Akatoa ruhusa. Mfereji tuuchimbe wenyewe,
na fungu la kwanza liende kwa mwadhini.

Makumbi tulipewa na wauza madafu wa kivukoni,
magunia sita, wakashukuru kuondolewa taka.
Nyanya zilikataa. Nazitaja nisije nikawa mwongo.
Bamia zilikubali, mchicha ukachachamaa,
na Rehema akaja siku moja, bila kusemeshwa,
akavua soksi, akazikunja ndani ya kiatu.

Jani la mbiringanya, Nyamvula, lina harufu ya shaba,
kama sarafu iliyofumbatwa siku nzima.
Ulilijua kabla yangu. Ulinisubiri tu nilinuse.

Mtihani wa mwisho wa muhula, swali la saba:
Taja faida nne za matandazo.
Mwongozo ninao: huhifadhi unyevu,
huzuia magugu, na kadhalika.
Shebwana aliandika moja, kwa hati ya kupinda:
"Saa saba mchana ukitia mkono chini ya makumbi
ni kama kushika shavu la mtu aliyetoka kuoga."

Mwongozo hauna jibu hilo.
Nilizungusha kalamu. Nikanywa chai, ikapoa.
Kisha nikatoka na karatasi yake mkononi, jua la utosi,
nikapiga magoti kati ya matuta, nikapenyeza vidole.

Nimempa zote nne.
Akiuliza kwa nini karatasi imechafuka,
nitamwambia nilikuwa nasahihisha.