Mstari wa Mwisho

Saa tisa usiku unga uko bakulini,
hauna haraka, nami sina.
Nje, theluji ya Bodø imevifika kiunoni vibao vya barabara.
Naifuta simu kwa aproni,
kidole gumba kimegandwa na hamira,
naandika: Kipa wa wekundu kateguka nyonga. Mtoeni.

Watu elfu moja mia moja arobaini na watatu
wanangoja neno hili kabla ya filimbi ya Jumamosi.
Kila mmoja ana wachezaji kumi na watano
ambao hawajawahi kumsalimu,
kawanunua kwa pesa isiyonunua hata kitunguu,
na Jumapili jioni anawalilia kama wa kuwazaa.

Tulianza tisa, mezani jikoni kwa Solfrid,
daftari la mistari, kalamu inayovuja,
faini ya keki kwa atakayeburuza mkia.
Nani aliniteua karani?
Nilijiteua, kama paka anavyojiteulia kiti.

Eivind, mume wangu, huuliza: Wanakulipa?
Hapana.
Basi wanakupenda?
Ngoja nikusomee.
Namsomea ya Novemba,
niliposema kitambaa cha unahodha mvisheni yule kijana wa pembeni, mguu wa kushoto,
kijana akaamka na homa, mechi akaitazamia kitandani,
na watu mia tatu wakaliandika jina langu, Gunnvor,
kwa herufi kubwa.
Fundi wa lifti wa Ålesund aliniombea mikate yote iungue.
Siku ile ziliungua trei mbili.
Sikumwambia.

Kila Jumatatu nataja watano wa juu,
majina na pointi, kavu kama risiti.
Kisha wa mwisho kabisa namwandikia mstari mmoja, wake peke yake:

Torgrim wa Vardø, mabeki wako wanalinda kila kitu isipokuwa goli.
Torgrim, mshambuliaji wako alionekana mara ya mwisho Agosti; mwenye habari zake apige simu.
Torgrim, umechimba chini hadi tunasikia maji.

Majuma ishirini na mawili, Torgrim yuleyule.
Nilimhurumia, nikacheka, nikamhurumia.
Mpaka usiku mmoja wa Februari, usiku wa mkate wa shayiri,
nikazipekua hesabu zake.
Juma la kumi na nne, bwana mmoja wa Røros
alikuwa karibu kumpita, kwa chini,
zimebaki pointi nne tu.
Torgrim akamvua unahodha mfungaji wake pekee,
akamvisha kipa aliyevunjika mkono.
Juma la kumi na tisa, vilevile.
Juma la ishirini na moja aliuza beki mzima
akanunua mwenye kadi nyekundu.
Huyu si mjinga wa mpira.
Kushindwa namna ile, bila kukosea hata mara moja,
kunataka jicho ambalo wa kileleni hawana.

Nikamwandikia pembeni: Nimekuona.
Jibu lilifika kabla unga haujaumuka:
Niko zamu, kituo cha hali ya hewa, mimi na birika.
Jumatatu huwa natafuta jina langu.
Tafadhali usimwambie wa Røros.

Nikakaa juu ya gunia la ngano.
Tanuri linahema.
Mimi mwenyewe ni wa mia sita na kumi na moja,
nafasi isiyo na sifa wala matusi,
na hapa nilipo, saa hizi, natafuta nini?

Eivind, swali lako bado liko mezani.
Mkate wa kwanza umetoka, nimeukata kabla haujapoa,
kosa ninalowakataza wanagenzi wangu wote.

Leo Jumatatu.
Wa Røros amempita: kapanga majeruhi watupu, kumi na mmoja,
hata wa benchi anatembelea magongo.
Kumbe wako wawili.

Naandika, nafuta, naandika.
Wa mwisho ana mstari wake mmoja.
Naongeza wa pili.