Nafasi Mbili Tupu

Soli elfu moja mia tisa, za fedha, si za kiatu,
ingawa zilisafiri ndani ya soksi:
mia saba zangu, za kushona kola za sare kule Gamarra,
zilizobaki za Yonel, zikinuka kuku wa kuchoma,
maana kila noti aliipata kwa kufuta meza ya mtu.

Tulishuka kutoka Comas na manyunyu ya Julai usoni,
mvua ya Lima, isiyojua kunyesha wala kuacha.
Barabara ya Wilson, ngazi zenye utelezi,
vijana wa vibanda wakituvuta mikono:
"Njoo dada, mashine kamili, taa rangi saba!"
Yonel akasimama kama aliyeitwa kwa jina.
Feni sita, kioo ubavuni, nyekundu ikigeuka zambarau.
Nikauliza: na umeme, humo ndani unagawanywa na nini?
Kijana akatazama dari.

Kibaya chajitembeza. Nikamvuta mdogo wangu.

Ghorofa ya juu kabisa, karibu na choo, alikaa Hermelinda,
miwani imefungwa kwa waya, bisibisi nyuma ya sikio.
Hakutuita. Aliuliza mawili tu:
mnacheza nini, na kwenu umeme ukoje?
"Jirani akiwasha mashine ya kuchomelea," nikasema,
"balbu za mtaa mzima zinakonyeza."
Akaweka mezani kisanduku cheusi,
kizito kama tofali, hakina taa hata moja.
"Anzeni na pawasaplai. Hili ndilo tumbo.
Tumbo likivurugika, kichwa kitafikiri nini?"

Yonel akahesabu vidole. Tumbo lile
lilikuwa limekwisha kula kioo, zambarau, na feni nne.

Prosesa tukachukua ya mwaka juzi, viini sita,
bei yake imepoa kama chai iliyosahauliwa.
Kadi ya picha ilikuwa ya mkononi.
Hermelinda aliifungua, akapuliza, akainusa,
ndiyo, akainusa, kama mtu anunuaye samaki.
"Hii haikuchimba sarafu. Mwenyewe ni mhandisi wa Arequipa.
Ameoa."
Akaichomeka, akaiachia mchezo mzito nusu saa,
sisi tukitafuna mahindi ya kukaanga, tukisikiliza feni
kama watu walio nje ya chumba cha daktari.

Ubishi ulikuja kwenye bodi.
Moja ina nafasi mbili za ramu. Nyingine nne,
na soli themanini juu.
"Tutatia nini humo?" akasema Yonel. "Hatuna."
"Hatuna leo."
Mimi ni fundi wa sare. Kwenye pindo la mtoto
huacha vidole viwili vya kitambaa, nikavikunja ndani.
Mama hunung'unika kwamba napoteza kitambaa.
Mwaka unaofuata mtoto amerefuka, mama yuleyule
anarudi, anafumua, haninunulii kipya.
Nikalipa themanini kwa ajili ya utupu.

Kasha lilikuwa na mbonyeo. Tulipunguziwa kumi.

Usiku, juu ya meza ya cherehani, mikono ya Yonel ikitetemeka,
mafuta ya prosesa kiasi cha punje ya mchele,
tulibonyeza kitufe. Kimya.
Tukabonyeza tena. Yonel akaanza kutukana mhandisi na mkewe.
Nikapapasa nyuma, nikakuta swichi hatujaiwasha.

Ni miaka minne sasa.
Kadi ya Arequipa tuliiuza, ikaja nyingine.
Mshahara wa kwanza wa Yonel uliingia nafasi ya tatu,
na siku hizi huchora ramani za mabomba juu ya mashine ileile,
mpaka saa nne; baada ya hapo anapiga majoka.
Jirani bado anachomelea. Balbu zinakonyeza,
tofali jeusi linanguruma kidogo, linaendelea.

Jumapili nilifungua kasha kupangusa vumbi.
Nafasi ya nne, tupu.
Nikaipuliza, nikafunga.