Saba Mlangoni

Usiku wa kwanza nilipewa namba: 3,112.
Foleni ya kuingia Ngome ya Orsa.
Nje, upepo wa Punta Arenas ulitikisa mabati kama mtu anayedai deni.
Nikabandika birika, nikamenya viazi, nikavila,
namba ikashuka hadi mia tisa.
Sikulalamika. Kungoja kitu kinachogombewa
nako ni aina ya shibe.

Ndani hapakuwa na pa kuweka mguu.
Kijana wa Rosario aliuza mkate kwa bei ya farasi.
Valdeci wa Recife, mganga wetu,
alituponya huku akitutukana kwa Kireno.
Nguruwe mwitu hawakuwahi hata kukoroma:
kila aliyezaliwa alikuta mishale arobaini inamsubiri.

Mchana mimi ni karani wa bandari, nahesabu makasha.
Mkono ukazoea, nikaanza kuandika nyuma ya daftari la mizigo.
Machi: elfu arobaini na moja.
Julai, shule zimefungwa kwa baridi: elfu hamsini, na matusi mengi.
Septemba ulitoka mchezo mwingine, wenye mazimwi mazuri zaidi.
Elfu kumi na nane.
Januari kampuni ikapunguza makali ya upinde; wapiga upinde wakahama.
Februari ikayarudisha.
Wapiga upinde hawakurudi.

Watu hudhani mji hufa kwa kishindo.
Pango la Chumvi linataka watu wanane.
Mkiwa saba mnakaa mlangoni, mnarukaruka, mnapeana kofia,
mmoja anaandika: naenda kunywa maji.
Mnabaki sita.
Mchezo hakuuchoka. Alichoka kungoja,
nasi tukachoka kumngoja yeye,
na kila aliyetoka akamwachia aliyebaki
sababu moja zaidi ya kutoka.

Mkate ukarudi bei ya mkate. Kisha ukakosa mnunuzi.
Nguruwe wakajaa hadi barabarani, wanene, hawana habari.

Siku ya kuadhimisha miaka mitano kampuni iligawa mabawa ya bure.
Wakaja mia sita, majina niliyoyasahau,
wakauliza, mbona kimya hivi?
wakavaa mabawa, wakaruka juu ya soko,
siku ya tatu wakatoweka nayo.
Niliwalaani mpaka chai ikapoa.
Kisha nikakumbuka: kabla ya Orsa
niliwahi kuacha michezo mitatu, bila kuaga.
Mara ya mwisho nilisema naenda kufunga dirisha.

Jana: kumi na mmoja.
Nilimkuta Valdeci mlangoni pa Pango la Chumvi,
peke yake, anamponya nguruwe.
Nikamwandikia: tuko wangapi?
Akakawia. Upepo ukagonga mabati mara mbili.
Kisha likaja tusi la Kireno, lile la zamani,
na chini yake:
Yasna, kaa hapo. Usiende kunywa maji.